Nani Alimdanganya Shangazi?

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika nne na sekunde kadhaa. Mwanamume mwenye sauti tulivu, kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo, alieleza kwamba vidonge vya kisukari ndivyo vinavyowamaliza wagonjwa wa kisukari. Figo haziharibiwi na sukari, alisema, zinaharibiwa na dawa. Kuna majani fulani ambayo ukiyachemsha na kuyanywa asubuhi kabla hujatia kitu tumboni, ndani ya siku 21 sukari inarudi mahali pake. Mwishoni alitaja namba ya simu kwa wale wasioyapata majani hayo, maana yeye alikuwa nayo kwenye chupa, shilingi 45,000.

Niliusikiliza nikiwa kwenye daladala. Nikautuma kwenye kundi letu la familia, na chini yake nikaandika: "Jamani, hii imekaaje? Kuna anayejua?" Kisha nikafika kituoni, nikashuka, nikasahau.

Wiki saba baadaye shangazi yangu alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia.

Kati ya ujumbe ule na kisu cha daktari kulikuwa na mambo mengine. Shangazi alikuwa na kisukari kwa miaka 11 na alikuwa amechoka. Alichoka kupanga foleni, alichoka kuambiwa dawa zimekwisha arudi Jumatatu, alichoka kula ugali wa dona peke yake wakati wengine wanakula wali. Alipoacha vidonge hakumwambia mtu. Alipojikwaa kwenye jiwe akapata kidonda, hilo nalo hakumwambia mtu, kwa sababu siku 21 zilikuwa bado hazijaisha. Tulijua siku harufu ilipotujulisha.

Kwenye korido ya hospitali, binamu yangu alisema kwa hasira, "Hawa watu wafungwe. Serikali iko wapi?" Wote tukaitikia. Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote. Hakuna aliyeuliza ujumbe ule ulifikaje kwenye kundi. Huenda walikuwa wamesahau, na huenda walikuwa wananisitiri.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali hilo la binamu, na sitaki kulijibu kwa hasira ya koridoni. Serikali iko wapi? Na ingekuwepo, tungependa imkamate nani?

Kwa maandishi, serikali ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 16 kinamtishia anayechapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka hata mwenye blogu akate leseni, na ukijumlisha ada zake zilizidi shilingi milioni 2. Mwaka huohuo Kenya ilitunga sheria yake, ambayo kwa uongo wa kuzua taharuki iliruhusu kifungo cha hadi miaka 10. Kwa hiyo hatukosi vifungu.

Nilikaa nikahesabu ni nani wangekamatwa kwa ajili ya vidole vya shangazi. Wa kwanza ni yule mwenye sauti. Lakini sheria inataka awe alijua kwamba anasema uongo na alikusudia kupotosha, na mimi sina hakika. Huenda na yeye anayanywa majani yake. Wa pili ni mimi. Sikujua, sikukusudia, niliuliza swali. Wa tatu ni shangazi mwenyewe, kwa sababu baada ya wiki ya kwanza alijisikia mwepesi, akautuma ujumbe kwa wanawake wenzake wa kikoba. Sheria ikiwa kali kiasi cha kumnasa kila ambaye uongo ulipitia mkononi mwake, itamkuta mgonjwa kitandani. Ikilegezwa hadi imtake mtu mwenye nia mbaya iliyothibitishwa, huenda tukatoka mahakamani wote, na mwenye chupa akatangulia mlangoni.

Nilikwama hapo kwa muda mrefu. Walionikwamua kidogo, kisha wakanikwamisha tena, ni watu waliokufa zamani ambao nilikuwa nawasoma kwa ajili ya tasnifu ambayo sijaimaliza. Historia inawaita wajamaa wa njozi. Jina hilo walibandikwa, na Friedrich Engels alilifanya lizoeleke kwa kijitabu chake cha mwaka 1880. Maana yake ilikuwa kwamba watu hawa waliichora jamii njema mpaka rangi ya mapazia lakini hawakujua njia ya kufika huko. Ni kweli walichora mapazia. Lakini waliuliza pia maswali ambayo wenye akili za kisayansi waliyaruka.

Mmoja wao ni Charles Fourier, aliyezaliwa Besançon, Ufaransa, mwaka 1772, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alisimulia mwenyewe kwamba utotoni alifundishwa katekisimu kuwa uongo ni dhambi, kisha akaadhibiwa dukani kwa kuwaambia wateja ukweli. Akaapa kuichukia biashara maisha yake yote. Mwaka 1799, akiwa mwajiriwa Marseille, alipewa kazi ya kusimamia kutupwa kwa mchele uliooza. Ulikuwa umefungiwa ghalani ukisubiri bei ipande, wakati watu wanahangaika na chakula.

Fourier alitoka pale na wazo moja ambalo hakuliacha. Duka likijengwa hivi kwamba anayesema kweli anapata hasara na anayeficha anapata faida, usishangae uongo ukiwa ndiyo lugha ya dukani. Robert Owen, aliyeendesha viwanda vya pamba vya New Lanark huko Uskoti tangu mwaka 1800, alifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Alishikilia kwamba tabia ya mtu hutengenezwa na mazingira aliyowekwa, hivyo kabla hujampiga mlevi, tazama nyumba anayolala, saa anazofanya kazi na shule ya mtoto wake.

Watafute leo watu waliothibitisha maneno ya Fourier na utawapata Veles, mji mdogo wa Makedonia Kaskazini. Mwaka 2016 vijana wa mji ule walifungua tovuti zaidi ya 100 zenye habari za siasa za Marekani, nyingi zikiwa za uongo. Waandishi wa habari walipowafikia, ilionekana wazi kwamba wengi wao hawakujali nani angeshinda uchaguzi. Walikuwa wameona kuwa uongo wa aina fulani unabofywa zaidi, kila mbofyo unaleta tangazo, na tangazo linaleta fedha kwenye mji usio na ajira. Ni lile duka la baba yake Fourier, limehamia kwenye kompyuta.

Na mimi nilikutana na duka hilo. Miezi baadaye nilimkuta yule mwanamume wa majani kwenye mtandao mmoja mkubwa wa video, sauti ileile imewekewa picha za figo. Kabla hajafungua kinywa, lilipita tangazo la mafuta ya kupikia. Mtu fulani alililipia tangazo lile, na fedha yake ilikwenda mahali. Hakuna aliyekuwa amekaa akaamua kumuumiza shangazi. Kulikuwa na mitambo iliyoona kwamba watu wenye kisukari hutazama video ile mpaka mwisho, ikawaletea nyingine kama hiyo.

Ningeishia hapo, ningetoka nimeridhika. Uongo ni zao la biashara, kwa hiyo toa biashara, ikabidhi jamii nzima vyombo vyake vya habari, na uongo utanyauka wenyewe. Bahati mbaya, au nzuri, kuna mjamaa wa njozi aliyeifuata hoja hii mpaka mwisho wake, tena kwa dhati, na tunajua alifika wapi.

Jina lake ni Étienne Cabet. Alikuwa mwanasheria na mbunge, na mwaka 1833 alianzisha gazeti liitwalo Le Populaire. Mwaka uliofuata serikali ya mfalme ilimshitaki kwa yale aliyoyaandika. Akachagua uhamisho badala ya jela, akaishi London miaka mitano, na huko alisoma kitabu cha Utopia cha Thomas More. Mwaka 1840 kikatoka kitabu chake, Safari ya Icaria, kuhusu nchi ya kubuni ambayo haina fedha, haina tajiri wala maskini, na kila mtu anakula meza moja.

Ungetegemea mtu aliyekimbia nchi yake kwa sababu ya gazeti aijaze Icaria magazeti. Hakufanya hivyo. Icaria ina gazeti moja la wilaya, moja la mkoa, na moja la taifa. Waandishi wake ni watumishi wa umma wanaochaguliwa, na kazi yao ni kuripoti mambo yaliyotokea bila kutia maoni yao. Vitabu vinachapwa vile vilivyokubaliwa na jamhuri. Mwananchi mwenye wazo anakwenda kulisema kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya wenzake.

Msomaji, usiharakishe kumcheka. Hoja ya Cabet ina uzito. Aliamini kwamba uhuru wa magazeti unahitajika pale ambapo kuna mfalme wa kupingwa na tajiri wa kufichuliwa. Ukishawaondoa hao, gazeti la binafsi linabaki na kazi gani zaidi ya uchochezi na umbea wa kuuza? Siku shangazi alipotoka chumba cha upasuaji, ningepigwa kura ya Icaria, ningenyoosha mikono yote miwili. Sauti moja ya afya, iliyopimwa na madaktari, isiyouza chupa. Nani asiitake?

Kisha ikaja Texas. Mwaka 1847 Cabet, kupitia Le Populaire, aliwaita wafuasi wake waende Amerika kuijenga Icaria kwa mikono yao. Gazeti likawatangazia ardhi ya ekari milioni moja. Tarehe 3 Februari 1848 wanaume 69 wa kundi la kwanza waliondoka bandari ya Le Havre. Walipofika walikuta kwamba waliyopewa ni ekari kama 10,000 tu, tena vipande vilivyotawanyika, na masharti ya kujenga nyumba nyingi kabla ya Julai. Malaria ikawaingia. Baadhi walikufa, na waliobaki wakarudi nyuma mpaka New Orleans.

Walikuwa wamelisoma gazeti moja tu, lile walilolipenda.

Mwaka 1849 mahakama ya Ufaransa ilimtia Cabet hatiani, yeye akiwa Amerika, kwa kosa la kuwalaghai wafuasi wake. Mwaka 1851 alirudi Paris, akajitetea, akaachiwa huru. Nadhani mahakama ya pili ilikuwa sahihi. Hakuwa tapeli. Aliamini zile ekari milioni. Hata hivyo, waliokufa hawakufufuka kwa sababu aliyewapoteza alikuwa mkweli moyoni. Koloni lake la Nauvoo, Illinois, lilipoendelea, alilitungia kanuni kali zaidi na zaidi, ikiwemo marufuku ya tumbaku na pombe, mpaka mwaka 1856 wengi wakamkataa na kumfukuza. Alifariki St. Louis mwezi Novemba mwaka huohuo.

Nikiwa na habari za Cabet kichwani, niliiangalia upya nyumba yetu wenyewe, kwa sababu Tanzania nayo iliwahi kuota, tena ndoto nzuri. Februari 1970 serikali ilitaifisha gazeti la The Standard. Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa kuliongoza: gazeti litumikie ujamaa, lakini liwe huru kukosoa. Mhariri aliyekabidhiwa ni Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi yake huru. Mwaka 1971 gazeti liliandika tahariri ya kulaani kunyongwa kwa wakomunisti nchini Sudan chini ya Nimeiri. Ginwala akaondolewa. Mwaka uliofuata gazeti likaunganishwa na lile la chama, likazaliwa Daily News. Waraka ulikuwa mzuri, ila nguvu ya kuutafsiri ilibaki kwa yule anayekosolewa.

Babu yangu, baba yake shangazi, aliishi ndani ya ndoto ile. Yuko kijijini, wilaya ya Kilosa, na kumbukumbu zake bado ni kali. Nilikwenda kumweleza habari za binti yake, nikakaa siku tatu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekonda, Dar es Salaam hawakupi chakula?"

Usiku wa pili nilimuuliza kuhusu redio. Mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Waliokuwepo wanaikumbuka. Vikundi vilikutana nchi nzima, watu wanakaa kuizunguka redio, wanasikiliza kipindi, kiongozi anasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanatoka kwenda kufanya walichokubaliana: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Inakadiriwa watu wazima kama milioni 2 walishiriki. Hakuna televisheni iliyokuwepo Tanzania Bara wakati huo, na haikuwepo mpaka mwaka 1994. Kulikuwa na redio moja ya taifa.

"Redio ilisema choo kiwe mbali na kisima," babu alisema. "Mzee mmoja akauliza, mbali hatua ngapi? Hapa kwetu ukichimba kidogo tu unakuta maji. Redio haisikii swali, mke wangu, inaendelea tu. Basi tukatoka wote na kamba, tukaenda kupima. Tulibishana mpaka jua likazama."

"Na mkapata jibu?"

"Tulipata choo. Kipo mpaka leo, kimejaa."

Nilicheka, naye akacheka. Nikaona kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye vitabu vya Wafaransa. Habari ilitoka juu, ni kweli. Lakini haikumkuta mtu peke yake amelala kitandani na simu usoni. Ilimkuta kati ya jirani zake, kuna anayebisha, kuna anayejua kisima kilipo, kuna kamba ya kupimia. Kama redio ingekosea, kulikuwa na watu kumi na tano wa kuligundua kosa kabla halijamdhuru mtu.

Ndipo nikauliza swali la pili. "Na ule mwaka wa kuhamia vijijini?"

Babu alinyamaza, akavuta shuka. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Mamilioni walihamishwa katika miaka iliyofuata, na wapo walioona nyumba zao zikibomolewa.

"Redio ilisema watu wanahama kwa furaha," alisema. "Wengine walifurahi, nisikudanganye. Wengine walilia."

"Kikundi chenu kilikaa kulizungumza?"

"Nani angeuliza?"

Ni kikundi kilekile. Kuhusu umbali wa choo kilikuwa bunge, lakini kuhusu jambo kubwa kuliko yote katika maisha yao kilikuwa masikio matupu. Nadhani hapo ndipo mpaka ulipo kati ya kuujenga ukweli pamoja na kupewa ukweli. Redio ya serikali haikuwa na ubaya kwa kuwa ya serikali. Ubaya ulianza pale ambapo hakuna aliyeweza kuijibu.

Jambo hili halikuisha na miaka ile. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu rasmi za Uviko-19 nchini zilisimama: wagonjwa 509, vifo 21. Zilibaki hivyo kwa zaidi ya mwaka. Julai 2020 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikaorodhesha, kati ya yaliyokatazwa, taarifa za mlipuko wa magonjwa ya kuambukiza zisizo na idhini ya mamlaka husika. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na takwimu alinyamaza, na asiyekuwa nazo akakatazwa kusema. Katika kimya kile kundi letu la familia lilijaa nyungu, malimau, ndoto za manabii na sauti za madaktari wasio na majina. Sidhani watu walikuwa wajinga kuliko kawaida. Walikuwa na hofu, na hofu inakula chochote kilicho mezani.

Kwa hiyo ninapoombwa kuunga mkono udhibiti wa upotoshaji, nauliza kwanza kama sheria hiyo inambana na mwenye kalamu. Je, kuna kifungu kinachoilazimisha wizara kutoa takwimu kila wiki wakati wa maradhi? Afisa anayeficha ukweli anapata adhabu gani ukimlinganisha na mwananchi anayeukosea? Sheria inayoadhibu kukosea na kuacha kuficha itazaa kimya, na wenye chupa hustawi kwenye kimya.

Swali la pili nalichukua kwa Fourier: nani analipwa? Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 sheria ya huduma za kidijitali ambayo, pamoja na mengine, inaitaka mitandao yenye watumiaji milioni 45 na zaidi ipime yenyewe madhara yanayotokana na namna ilivyojengwa na ichukue hatua za kuyapunguza, la sivyo itozwe faini inayoweza kufika asilimia 6 ya mapato yake ya dunia nzima. Sheria hiyo ina kasoro zake, na kampuni zina mawakili wengi. Lakini inaanza dukani. Haianzi kwa mama wa kikoba.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa, na linatoka kwa majirani zetu. Mwaka 1993 na 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda iliwaita watu kuua wenzao, na waliuawa. Mbele ya sauti ya namna ile, kusema "tukae kwenye duara tujadili" ni upuuzi. Inayotaka damu ya mtu izimwe, na atakayeizima ana haki. Hilo nalikubali bila masharti. Lakini kumbuka RTLM ilikuwa redio ya nani. Ilianzishwa na watu waliokuwa karibu na waliotawala. Serikali iliyopaswa kuizima haikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Hata kwenye mfano mgumu kuliko yote, swali la nani anamdhibiti mdhibiti linarudi. Ndiyo maana uwezo wa kuzima ungekuwa salama zaidi mikononi mwa jaji anayetoa sababu zake hadharani, na ukomo wake uandikwe, kuliko mikononi mwa waziri.

Wengine wote waliobaki, yaani wengi wetu, wanaotuma bila kujua, nawaachia nani? Fourier alikuwa na wazo la ajabu ambalo limenikaa. Katika jumuiya yake ya watu 1,620 hakuna tabia ya binadamu inayotupwa. Watoto wanaopenda kuchezea uchafu wanaundiwa vikosi vya kusafisha jumuiya, na wanaheshimiwa kwa hilo. Hata hulka ya kupenda njama, ushindani na umbea aliipa jina na kazi. Mtu anayependa kuwa wa kwanza kuleta habari hafungwi mdomo, anatafutiwa mahali ambapo wepesi wake utafaa. Ni njozi, naam. Lakini katika kila familia kuna mtu huyo, na nikisema kweli, kwetu ni mimi.

Wiki ile shangazi aliporudi nyumbani, nilikwenda kumwosha mguu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilimwambia kuwa ujumbe ule niliutuma mimi.

"Najua," alisema.

"Lakini niliandika swali, shangazi. Niliuliza kama kuna anayejua."

"Sikusoma hayo maandishi, mwanangu, yalikuwa chini. Mimi niliona jina lako. Nikasema, kama umetuma wewe uliyesoma, basi umeshachunguza."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Sheria haina kifungu cha kosa hili na sidhani inapaswa kuwa nacho. Yule mwanamume wa majani hakuwa na nguvu yoyote juu ya shangazi yangu mpaka nilipomwazima jina langu. Aliyemuuzia chupa ni yeye, na aliyemfungulia mlango ni mimi. Biashara ile yote, pamoja na tangazo lake la mafuta ya kupikia, inategemea tu kwamba watu wanaaminiana.

Jioni ile niliandika kwenye kundi kwamba ujumbe ule ulikuwa wa uongo, kwamba niliutuma mimi, na kwamba naomba radhi. Walioonyesha kusoma walikuwa 23. Hakuna aliyejibu mpaka asubuhi.

Aliyejibu ni shangazi, kwa ujumbe wa sauti. Alisema amekwishaanza kuwapitia wale wanawake wa kikoba, maana na yeye aliwatumia. Hakutaka kuwapigia simu. Alisema jambo kama hili mtu anakwenda mwenyewe, avue kiatu, waone. Kati ya wanawake 14 alikuwa amefika kwa watano. Wawili walikuwa wanakunywa majani. Mmoja alikuwa amekubali kwenda naye kliniki Jumatatu, na mwingine alimwambia wazi kwamba haamini, kwamba kwake yanamsaidia.

"Nitarudi tena kwake," alisema, na nyuma ya sauti yake nilisikia fimbo ikigusa ardhi, na mtu akimkaribisha ndani.